Ukurasa wa Sabini na Moja wa Profesa Mehzabin

Profesa Mehzabin Fidahussein amefundisha saikolojia chuo kikuu, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo ameandika vitabu vinne. Vyote vinne vinahusu watu wa aina moja: wale wanaotibu wenzao kwa mazungumzo. Mimi ndiye mhariri wake. Nimekata sentensi zake, nimegombana naye juu ya alama za mkato, na nimekula biriani ya Idi nyumbani kwao Bagamoyo mara nisizoweza kuhesabu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, na mengine alinipigia simu akanieleza yakiwa bado ya moto.

Alizaliwa Bagamoyo, duka la baba yake likiwa mbele na nyumba ikiwa nyuma. Mzee Fidahussein aliuza vitambaa, nyuzi na vifungo. Mehzabin anasema hajui kushona hata leo, ila anajua sababu za kila gauni lililoshonwa mjini kati ya mwaka 1975 na 1988, maana wanawake walikuwa hawanunui mita tatu za kitambaa bila kueleza ni za nini, nani kaudhi nani, na kwa nini safari hii rangi ni ya zambarau. Baba yake alipima kitambaa polepole, akiitikia, na mtoto alikaa chini ya meza ya duka akisikiliza.

Chuo kikuu alikwenda kusomea ualimu wa lugha. Siku ya kwanza akaingia chumba kisicho chake. Alikuwa amekaa safu ya mbele kabisa, na alipogundua kosa mhadhiri alikwishaanza kusema, naye akaona haya kusimama mbele ya vijana mia moja na kutoka. Akabaki saa nzima. Mhadhiri alikuwa akisimulia habari za mama mmoja wa Ulaya aliyetibu watoto waliovurugwa na vita kwa kuwapa karatasi na rangi na kuwaacha wachore. Kesho yake Mehzabin alirudi chumba kile kile, safari hii kwa makusudi. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amebadilisha fomu zake zote. Baadaye alikwenda Pune, India, kwa shahada mbili za juu, akarejea mwaka 1999 na masanduku mawili ya vitabu na kikohozi cha vumbi la treni.

Alipoanza kufundisha aliona wanafunzi wake wakikariri majina ya mabingwa wa tiba bila kuwajua. Wale walikuwa watu wa mbali, wa theluji na makochi ya kulaza wagonjwa. Akaanza kuwasimulia maisha yao kwa Kiswahili: huyu alikuwa mkali nyumbani na mpole kazini, yule alitibu watu huku mbwa wake amelala miguuni, mwingine alihama mji mara nne na kila alikokwenda alifungua darasa jikoni kwake. Mwanafunzi akishajua kwamba bingwa fulani aliogopa kupanda lifti, nadharia yake haimtoki tena kichwani. Simulizi hizo ndizo zilizozaa kitabu cha kwanza, *Watu Wenye Masikio*, kilichotoka mwaka 2006. Kikapendwa. Wauguzi walikisoma, walimu walikisoma, hata mashehe wawili watatu walikitumia kwenye mawaidha ya ndoa.

Kati ya sura kumi na mbili, moja tu ilimhusu mtu wa kwetu. Naye ni Daktari Abdulwahab Ramadhan, mzaliwa wa Miono, aliyefanya kazi ya magonjwa ya akili wilayani kwa miaka mingi na kisha kufundisha washauri nasaha wa nchi nzima. Sura hiyo ina ukurasa wa sabini na moja, na ukurasa huo ndio uliomfanya mwandishi wake ajulikane.

Umeandikwa hivi, kwa ufupi. Mwaka 1989 lori lilipinduka karibu na daraja la Wami. Dereva akafa. Utingo wake, kijana aitwaye Mrisho, ambaye dereva alikuwa kaka yake wa damu, akatoka mzima bila hata mchubuko, lakini akawa hasemi. Alikaa kwa shangazi yake Msata miaka mitatu bila kutamka neno. Kila Alhamisi Daktari Abdulwahab alikwenda stendi ya Msata, akaketi kando yake katika kelele za mabasi na malori, wala hakumsemesha. Ukimya kwa ukimya. Hadi Alhamisi moja daktari alipofika saa nzima baada ya muda wake, na Mrisho akainua uso na kusema, “Leo umechelewa.”

Maneno hayo mawili yalikwenda mbali. Yalitolewa kwenye mitihani. Yaliandikwa kwenye ukuta wa kituo kimoja cha ushauri. Profesa Mehzabin alijenga juu yake hoja nzima, kwamba ukimya wa mtibabu ni dawa, na hoja hiyo ilimpandisha cheo.

Mwaka 2022 nikamwambia: Daktari Abdulwahab anakaribia miaka themanini, kwa nini usimwandikie kitabu kizima? Akafurahi. Wakati huo Profesa alikuwa amehamia Mapinga, kwenye kiwanja alichonunua zamani kabla mji haujamfuata. Asubuhi ya Jumamosi moja akawasha kigari chake, akapita Bagamoyo, akafika Msata bila kusimama, akashika njia ya kaskazini kisha akakata kulia kwenye barabara ya vumbi hadi Miono.

Alimkuta Daktari barazani, anapepeta ufuta. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umefika wewe mwenyewe, siyo?”

“Nimefika mwenyewe.”

“Vizuri. Keti hapo.”

Akaingia ndani, akarudi na nakala yake ya *Watu Wenye Masikio*. Kitabu kilifunguka chenyewe kwenye ukurasa wa sabini na moja. Ukurasa wote ulikuwa umepigwa mstari wa kalamu nyekundu, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, jinsi mwalimu anavyopiga daftari la mtoto aliyenakili kwa mwenzake.

“Nilikuandikia barua,” alisema Daktari. “Mwaka ule ule kilipotoka. Hukunijibu.”

Profesa aliikumbuka barua hiyo. Ilikuwa kurasa mbili, mwandiko wa kulala, na aliisoma akiwa amesimama kwenye korido katikati ya vipindi viwili. Ilisema kwamba si daktari aliyeambiwa yale maneno, bali mama mmoja muuza chakula. Naye, badala ya kuuliza, alijiambia: hivi ndivyo watu wakubwa wanavyojishusha. Toleo la pili lilipochapishwa aliongeza hata sentensi, na mimi nikaipitisha: “Daktari Abdulwahab, kwa unyenyekevu wake, hupenda kuwapa wengine sifa zake.”

“Nilidhani ni unyenyekevu,” alimwambia.

“Sikuwa na unyenyekevu wowote. Nilikuwa nakueleza jambo lililotokea.” Daktari alirudi kwenye ungo wake. “Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupeleka dawa Msata. Nilikaa pale stendi kwa sababu palikuwa na vitumbua. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nakula.”

“Na Mrisho?”

“Mrisho alikuwapo. Nilimpima, nikampa dawa za usingizi, nikajaribu kumsemesha miezi mitatu, nikashindwa. Hayo niliyasema yote kwenye semina ya mwaka tisini na tano. Wewe uliyapata wapi?”

Aliyapata kwenye muhtasari wa semina hiyo, karatasi ya kudurufu ambayo muuguzi mmoja aliiandika mbiombio akaruka nusu ya maelezo. Hakuwahi kumpigia simu mtu yeyote. Alikuwa kijana, kisa kilikuwa kizuri, na kilikaa sawasawa kwenye nadharia yake.

“Umewahi kukaa na mgonjwa, mwanangu?” Daktari akauliza.

“Mimi ni mwandishi na mwalimu, Daktari. Sijawahi.”

“Basi nenda ukakae na Mwaija. Yuko pale pale Msata. Uliza Mwaija wa vitumbua.”

Hakwenda siku hiyo. Alipita Msata akiwa ameangalia mbele kama mtu anayekwepa kusalimiwa, akaenda kulala kwa mdogo wake Rehan, aliyerithi duka la Bagamoyo. Alikaa kwake siku mbili bila kufungua kompyuta. Rehan si mtu wa vitabu, lakini anamjua dada yake. Siku ya pili, wakinywa chai dukani, akamtaka aseme, naye akaeleza yote.

“Watu wangapi wamekisoma, dada?”

“Elfu kumi na kitu.”

“Basi waambie hao elfu kumi na kitu. Wengine hawana habari na wewe.”

“Rehan, nilipewa uprofesa kwa hoja ile.”

“Watakunyang’anya?”

“Hapana.”

“Sasa unaogopa nini?”

Alikuwa anaogopa kuchekwa, na alikuwa na haki ya kuogopa, maana walimu wa chuo wanachekana vibaya kuliko watoto wa shule. Hata hivyo, siku iliyofuata aliondoka saa mbili asubuhi akarudi Msata.

Mwaija hakuwa wa kutafutwa. Sauti yake ilisikika kabla mgahawa wake haujaonekana. Ni mwanamke wa miaka sabini kasoro, mnene, mwepesi wa miguu, na Profesa alipofika alikuwa akiongea na watu wanne kwa wakati mmoja: dereva aliyetaka supu, msichana aliyeosha vyombo, mtu kwenye simu, na paka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, karibu mwanangu, pita huku kuna kivuli, hiyo benchi ina mguu mbovu usikae mwisho, kaa katikati. Unakwenda Tanga? Basi la Tanga limepita sasa hivi. Vitumbua vipo, mihogo ipo, chai ya maziwa imekwisha, imebaki ya rangi. Umetoka wapi?”

“Mapinga. Ila kwetu Bagamoyo. Mimi ni binti wa Fidahussein, wa vitambaa.”

“Fidahussein. Nilinunua kwake kitambaa cha shela ya ndoa yangu ya pili. Alinipunja nusu mita kisha akanirudishia kwa kumtuma mtu, nikajua alikosea, hakuiba. Sema, nikupe vitumbua vingapi?”

Profesa Mehzabin aliyeandika kurasa mia mbili kuhusu nguvu ya ukimya akakaa katikati ya benchi, na kwa dakika ishirini hakupata pa kuingiza neno. Anasema ilikuwa raha. Kila baada ya sentensi tatu Mwaija aliuliza kitu, lakini kitu kidogo tu cha kujibika: chai ina sukari ya kutosha? Hilo gari lako linakula mafuta mengi? Mnafuga kuku huko Mapinga? Mgeni alijikuta amejibu mambo kumi na tano na mabega yake yameshuka.

Mwishowe akamweleza kilichomleta. Akatoa kitabu, akasoma ukurasa wa sabini na moja kwa sauti, hadi mwisho. Mwaija alinyamaza kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka kuelekea nyuma ya mgahawa.

“Baba Haji. Hebu njoo usikie habari zako.”

Akatoka mzee mrefu, mkavu, ameshika shoka la kupasulia kuni. Alikuwa Mrisho mwenyewe. Profesa akamwangalia yeye, akamwangalia mama, akakumbuka ile ndoa ya pili.

“Ni mume wangu,” Mwaija alisema. “Tangu mwaka tisini na tatu. Hilo nalo hukuliandika.”

Ikabidi asome tena. Mrisho alisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akauliza kama anaweza kuuona ukurasa wenyewe, akautazama.

“Daktari alikuwa mtu mwema,” alisema. “Lakini alikuwa anakula.”

Profesa akamwomba amweleze ilivyokuwa, kama hatajali. Mrisho alikaa mwisho wa benchi, ule upande mbovu, alijua namna ya kuukalia. Anaongea polepole na hapotezi maneno.

“Baada ya ajali kila mtu alikuja na swali moja. Ilikuwaje? Polisi, ndugu, shehe, daktari. Ilikuwaje, kaka yako alisema nini, ulikuwa wapi. Sikuwa na jibu. Nikaona nikifungua mdomo watataka hilo tu. Nikaufunga. Halafu nikaja kukaa hapa stendi kwa sababu ndipo malori yanapopita. Huyu alikuwa na meko yake pale. Akanitazama siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, ‘Kuni hizi zimekauka au bado?’”

“Ukajibu?”

“Nilizishika nikaona mbichi. Nikazitupa pembeni, nikamchagulia nyingine. Ndiyo ikawa kazi yangu. Miaka mitatu ananiuliza vitu vya aina hiyo, na katikati ananisimulia mambo yake yote, mumewe aliyefariki, majirani, bei ya mchele. Kichwa kilikuwa kinauma wakati mwingine.”

“Uongo,” alisema Mwaija.

“Siku moja hakuja asubuhi. Mtoto wake alikuwa na homa. Nilikaa na kuni zangu. Jua likapanda, nikaanza kuogopa, nikafikiri labda na yeye gari limemgonga. Alipotokea nikasema.”

“Leo umechelewa,” alisema Profesa.

“Ndiyo. Na yeye akajibu, ‘Kumbe sauti yako nene hivi? Lete kuni.’ Akaendelea na kazi.”

“Nililia baadaye,” Mwaija alisema. “Wakati ule kulikuwa na wateja.”

Profesa alikwenda Msata mara tisa mwaka ule. Alikuwa na kinasa sauti, lakini aliniambia mara nne hakukiwasha, alipasua mihogo tu. Mara ya sita Mrisho alimsimulia ajali yenyewe, bila kuulizwa. Hilo halimo kitabuni, yeye alisema lisiandikwe, nasi hatukuliandika.

Mwaka uliofuata washauri nasaha wa nchi nzima walikutana Bagamoyo kumpongeza Daktari Abdulwahab kwa kutimiza miaka themanini. Walikuwa kama mia mbili hivi, na Profesa Mehzabin ndiye aliyepangwa kutoa mhadhara mkuu. Nilikuwa safu ya tatu. Alisimama, akavaa miwani, akasema kwamba kwa miaka kumi na saba amewaeleza watu jambo lisilokuwa kweli, kwamba aliletewa barua ya kumsahihisha akaigeuza kuwa sifa, na kwamba leo anataka kusema ilivyokuwa. Akasimulia yote, na vitumbua vikiwemo.

Halafu akasimama mshauri mmoja wa kutoka Lindi, mwanamume wa makamo aitwaye Mikdad.

“Profesa,” alisema, “mimi nimekaa kimya mbele ya wagonjwa miaka kumi na tano kwa sababu ya ukurasa wako. Wengine waliondoka wakidhani nimewakasirikia.”

“Najua,” alisema Profesa. “Naomba radhi. Sina namna nyingine ya kusema.”

“Sasa niwaambie nini?”

Profesa akageuka akamtazama Daktari Abdulwahab, ambaye alikuwa mezani na kipande cha keki mkononi. Mzee akaomba kipaza sauti.

“Ukimya nao unafaa,” alisema. “Nimeutumia sana na wengine, ukawafaa. Kwa Mrisho haukufaa. Muulize mgonjwa kitu anachoweza kukijibu, halafu uone.” Akarudisha kipaza sauti, akamaliza keki yake.

Hapo ndipo watu walipocheka, na Mikdad alicheka nao. Wakati wa chakula nilimwona amekaa na Profesa kwenye kona, wanaandika kitu kwenye kitambaa cha karatasi.

Si wote waliopokea vizuri. Wahadhiri wenzake wawili walisema chini kwa chini kwamba amejiaibisha, na mmoja aliandika makala ndefu kuuliza kama vitabu vyake vingine navyo vinaaminika. Profesa aliisoma makala hiyo, akasema swali ni la haki, akakaa miezi minne akihakiki upya kila kisa cha vitabu vitatu vya mwanzo. Akapata makosa mengine sita, madogo. Tukayachapa yote kwenye ukurasa mmoja na kuubandika kwenye nakala zilizobaki ghalani. Mimi nilitia langu la saba: ile sentensi ya unyenyekevu, niliyoipitisha bila kuuliza.

Kitabu cha nne kilitoka Februari 2024. Kinamhusu Daktari Abdulwahab, ila sura mbili ni za Mwaija. Mwaija alikataa kabisa kuitwa mtibabu. “Andika muuza vitumbua,” alisema, “wateja wangu watanitafuta kwa jina hilo.” Ndivyo ilivyoandikwa. Alisomewa sura zake na mjukuu wake na akatoa kasoro moja tu, kwamba Profesa ameandika vitumbua vyake vina iliki, ilhali yeye hutia iliki siku za Idi peke yake.

Siku hizi Profesa Mehzabin anafuata habari za mama mmoja wa Pangani aliyekuwa mpigachapa mahakamani, ambaye inasemekana mashahidi wengi walimwomba akae karibu nao kabla ya kuingia kutoa ushahidi. Kisa ni kizuri sana. Aliponisimulia nilimwambia aanze kuandika mara moja, na akanijibu kwamba hajaanza, kwa sababu kati ya watu saba waliomweleza, watatu hawakubaliani na wale wanne, na huyo mama mwenyewe bado hajapokea simu.